Makubadhi Yangu Yalibaki Lango la Kusini: Siku Nne Katika Pagoda za Yangon

Nilifika Yangon Jumamosi moja ya Januari mwaka 2019 nikitokea Bangkok, mji ambao udalali wa vito hunipeleka mara moja au mbili kwa mwaka. Mawe ya kijani ya upande wetu wa Taita Taveta yana wanunuzi huko, na safari hiyo biashara ilikwisha mapema kuliko nilivyotazamia, nikabakiwa na siku nne mkononi kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Kutoka Bangkok hadi Yangon ni mwendo wa saa moja na kidogo angani. Isitoshe, nchi ile ilikuwa masikioni mwangu tangu utotoni. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, mmoja wa askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa kupigana Burma mwaka 1944, naye alipoitaja "Bama" yake hakusimulia zaidi ya mvua na matope. Divisheni yao ya 11 ilishuka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, kisha ikarudishwa India kupumzika, na Yangon, ambayo siku hizo iliitwa Rangoon, babu hakuiona. Nikasema nitakwenda kuiona mimi.

Kabla sijaingia katika simulizi, inanipasa nimweleze msomaji kwamba mambo yamebadilika. Tarehe 1 Februari 2021 jeshi la Myanmar, jina la sasa la Burma, lilitwaa madaraka, nchi ikaingia vitani, na bei nitakazozitaja hapa ni za mwaka 2019. Anayeifikiria safari hiyo leo aanze kwa kuuliza habari za usalama, si habari za hoteli. Hata wakati wangu haikuwa safari ya kwenda bila kujiuliza maswali: ni mwaka mmoja na nusu tu ulikuwa umepita tangu Warohingya, Waislamu wa nchi ile, zaidi ya 700,000 wakimbilie Bangladesh, na nilipompigia simu ami yangu kumwambia ninakokwenda, alinyamaza kwa muda kisha akaniuliza, "Na wewe Mwislamu, utakwenda huko kutazama nini?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na kwa kweli sina mpaka leo. Naweza tu kusimulia nilichokutana nacho.

Viza niliiomba kwa mtandao kwa dola 50, nikaichapisha barua yake, na uwanjani nilitakiwa kuonyesha pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kitabu cha manjano ambacho wengi wetu hukisahau ndani ya kabati. Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nilipokosea ni kwenye fedha. Nilikuwa na dola 400 zilizokaa ndani ya pochi tangu Mombasa, zimekunjwa mara mbili kama tunavyozikunja noti zetu. Msichana wa dirisha la kubadilisha fedha alizitandaza mezani moja moja, akazimulika kwa taa, akanirudishia tatu kati ya nne. Moja ilikuwa na alama ya muhuri mdogo wa wino, nyingine ilikuwa na mkunjo uliopita katikati ya uso wa Franklin, na ya tatu pembe yake ilikuwa imelika kidogo, si zaidi ya ukucha wa mtoto mchanga. Nilijaribu kubishana. Alitabasamu, akatikisa kichwa, akamwita mtu wa nyuma yangu. Dola moja ilikuwa kyat (fedha ya huko) 1,500 na kitu, kwa hiyo nilitoka pale na kyat laki moja na nusu kwa safari ya siku nne, na baadaye nikalazimika kutumia mashine za benki ambazo zilinikata kyat 5,000 kila nilipotoa. Ukienda nchi ile, chukua noti mpya kutoka benki, zilale bapa ndani ya kitabu, na usiziruhusu zikutane na mfuko wa suruali.

Teksi iliyonipeleka mjini ilikuwa Probox, gari lile lile linalotupakia kwenye barabara za kwetu, na usukani wake ulikuwa kulia kama wa kwetu. Tofauti ni kwamba tulikuwa tukienda upande wa kulia wa barabara. Serikali ya huko ilihamisha magari kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1970, lakini mitumba ya Japani iliendelea kuingia kwa miaka mingi na usukani wake ule ule, na dereva anayetaka kulipita lori hana budi kuchungulia kama mtu anayetazama uchochoroni. Kwa anayetembea kwa miguu jambo hili ni la hatari zaidi kuliko la kuchekesha, kwa sababu shingo ya Mkenya imezoea kugeuka kulia kwanza kabla ya kuvuka. Mara mbili siku hiyo nilishikwa mkono na watu nisiowajua na kurudishwa pembeni mwa barabara.

Usiku huo, badala ya kulala, niliandika orodha. Nilipanga kwamba Jumapili nitaona pagoda, yaani mahekalu ya Kibuddha yenye minara, za Sule, Botataung, Shwedagon na Kaba Aye, sanamu kubwa ya Buddha aliyelala, na makaburi ya vita ya nje ya mji, yote kabla ya magharibi. Nilikuwa nazihesabu pagoda kama mtu anayehesabu magunia bandarini, na gharama ya hesabu hiyo niliilipa kwa nyayo zangu.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Sule iko katikati ya mzunguko wa magari, mnara wa dhahabu wenye pande nane na urefu wa zaidi ya mita 40, na Waingereza walipoupanga mji upya katika miaka ya 1850 waliufanya kuwa kitovu cha mitaa yote. Ukisimama karibu nayo unaona kwa mtazamo mmoja ukumbi wa jiji, kanisa la Wabatisti na msikiti wa Wabengali, jambo ambalo mtu wa Mombasa halimshangazi sana. Botataung, kando ya mto, ilinishangaza zaidi. Jina lake lina maana ya maafisa elfu moja wa jeshi. Bomu la mwaka 1943 liliivunja pagoda ya zamani, na walipoijenga upya waliiacha wazi ndani, ili mtu aweze kuingia ndani ya mnara na kupita vijia vyembamba vyenye kona, kuta zake zikiwa zimefunikwa dhahabu kuanzia sakafuni. Pagoda nyingi ni kitu kizima kisicho na mlango, unazunguka nje tu. Hii unaingia tumboni mwake.

Nilitoka Botataung kama saa sita na nusu mchana nikiwa na haraka ya orodha yangu, nikapanda teksi ya kyat 3,000 hadi lango la kusini la Shwedagon, pale panapokaa simba wawili wa kujengwa, wakubwa kama nyumba. Nilikuwa nimevaa kaptula. Hili naliandika kwa aibu, kwa sababu mtu aliyezaliwa Mji wa Kale anajua fika jinsi ya kuvaa mbele ya nyumba ya ibada, ila kwa sababu zisizoeleweka akili ya utalii ilinifanya nijione niko likizo na adabu nayo iko likizo. Kiingilio cha mgeni kilikuwa kyat 10,000, yapata shilingi 670 za Kenya wakati huo, na unabandikwa kibandiko kifuani ambacho usikivue, kwa kuwa kitaulizwa. Mama wa dirishani aliyatazama magoti yangu, akanyosha kidole kwenye rundo la longyi za kukodisha.

Longyi ni kikoi. Sina namna nyingine ya kuieleza kwa msomaji wa pwani: ni kitambaa kilichoshonwa kikawa duara, ambacho wanaume na wanawake huvaa kila siku, ofisini, sokoni na nyumbani. Nilifurahi, nikaikunja kiunoni kama ninavyokunja kikoi changu nikirudi kutoka dukani, na mama yule akacheka hadi akamwita mwenzake. Kwao mwanamume hufunga fundo mbele, chini ya kitovu, na fundo lile hujitokeza kama ngumi, ilhali mwanamke hukunja pembeni. Mzee aliyekuwa akifagia aliweka ufagio wake chini, akanifungua na kunifunga upya bila kusema neno, kama baba anayemvisha mtoto kanzu ya Idi.

Kisha nikavua makubadhi. Kule viatu havivuliwi mlangoni mwa ukumbi kama kwetu, bali chini kabisa, kabla ya ngazi ya kwanza, na soksi pia ni marufuku. Jambo hili lina historia yake. Wakati wa utawala wa Waingereza, Wazungu walikuwa wakiingia ndani ya pagoda na viatu vyao, na vijana wa chama cha Kibuddha kilichoanzishwa mwaka 1906 walilifanya kuwa hoja ya kisiasa, hata kufikia mwaka 1919 serikali ikakubali kuwaachia wakuu wa mahekalu waamue. Kwa hiyo mguu mtupu pale ni zaidi ya usafi, na mgeni anayeomba aruhusiwe angalau soksi hajui anaomba nini.

Nilikabidhi makubadhi yangu kwenye kijichumba cha kutunzia viatu, nikapewa namba, nikapanda ngazi zenye paa na maduka ya maua, ubani na vijisanamu pande zote mbili. Nilipotoka juu ya jukwaa, jambo la kwanza lililonipata halikuwa uzuri. Lilikuwa moto. Saa saba mchana marumaru nyeupe ya Shwedagon ni kikaango, na mimi nilikuwa katikati yake. Wenyeji wote walikuwa vivulini, chini ya mapaa ya vibanda vya ibada, wakila, wakisali au wamelala kwa utulivu. Juani tulikuwa wageni tu, tukirukaruka kama kuku waliowekwa juu ya bati. Kuna mikeka iliyotandazwa kuzunguka sehemu fulani za jukwaa, na ilinichukua dakika kumi kutambua kwamba haikuwekwa kwa ajili ya mapambo.

Nikiwa katika hali hiyo nilianza kuzunguka, na nilizunguka kinyume. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa upande wa mnara, kwa kuwa hivyo ndivyo mwili wa mtu aliyewahi kutufu unavyojua kuzunguka kitu kitakatifu. Wao huuweka mnara mkono wa kulia. Hakuna aliyenikemea, lakini nilijikuta nikipishana uso kwa uso na kila mtu, hadi kijana mmoja mwenye shati jeupe alipojiunga nami, akanigeuza kwa upole na kuanza kunieleza mambo kwa Kiingereza. Alisema ni mwanafunzi na anataka tu kufanya mazoezi ya lugha. Baada ya dakika arobaini akataka dola 20. Nilimpa 10, sote wawili tukaudhika, na kosa lilikuwa langu: bei huulizwa kabla ya sentensi ya kwanza, na waongoza watalii wenye leseni huvaa kitambulisho shingoni.

Nikafanya na jingine la kutia aibu. Nilisimama mbele ya sanamu ya Buddha, nikaipa mgongo, nikanyosha simu mbele ili nijipige picha. Bibi kizee aliyekuwa amepiga magoti karibu nami alinyanyuka, akanishika bega, akanigeuza niitazame sanamu, kisha akarudi kwenye dua zake. Hakukasirika. Hata hivyo, nchi ile ina sheria kuhusu kuidharau dini, na hutumika. Mwaka 2015 meneja wa baa raia wa New Zealand alifungwa pamoja na wenzake wawili wenyeji kwa sababu ya tangazo lililomwonyesha Buddha amevaa vipokea sauti masikioni, na mwaka 2016 mtalii Mholanzi alifungwa miezi mitatu mjini Mandalay kwa kuchomoa waya wa kipaza sauti cha mahubiri yaliyomnyima usingizi. Usimpe Buddha mgongo kwa ajili ya picha, na ukikaa usimwelekezee nyayo zako. Kunja miguu nyuma yako kama unavyokaa katika tahiyatu.

Saa nane na nusu nilikuwa nimechoka, nimeungua na nimenuna, nikateremka ngazi za kwanza nilizoziona. Shwedagon imejengwa juu ya kilima cha Singuttara, nayo ina njia nne za ngazi zinazotazama mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Zote zina paa, zote zina wauza maua, na kwa mtu aliyechanganyikiwa zote ni moja. Nilipofika chini sikukuta kijichumba cha viatu wala simba ninaowajua. Nilikuta soko. Nilikuwa nimetokea lango la mashariki, na makubadhi yangu, ya ngozi, niliyotengenezewa na fundi wa Lamu, yalikuwa lango la kusini.

Mtu mwenye akili timamu angepanda tena juu, avuke jukwaa na kushuka upande wa pili, kazi ya dakika kumi. Mimi niliamua kuzunguka kilima kwa nje, kwenye lami, saa nane na nusu ya mchana, miguu mitupu. Nilitembea kivuli kwa kivuli. Kuna mahali nilisimama juu ya gazeti lililotupwa kwa dakika kadhaa nikitafakari maisha yangu. Pembeni mwa njia nilikanyaga pia mate mekundu ya tambuu, kwa kuwa kule tambuu bado inatafunwa kama ilivyotafunwa na bibi zetu, na popoo yake, na chokaa yake, ila wao huifunga kwenye jani na kuiuza kila kona, na njia za watembea kwa miguu zina madoa kana kwamba pamechinjwa. Nilipofika kwenye simba wangu, mtunza viatu alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni, akanipa makubadhi na chupa ya maji, na fedha ya maji akaikataa. Usiku nilihesabu malengelenge manne. Kaba Aye na Buddha aliyelala vilibaki kwenye karatasi.

Kitu kinachonikera zaidi ni kwamba msikitini kwetu hata mtoto wa chuoni anajua: viatu uwekavyo ni pale utakapotokea, na kama huna hakika, unaingia navyo ndani ya mfuko. Pale Shwedagon pia inaruhusiwa kubeba viatu vyako ndani ya mfuko wa plastiki. Wenyeji wengi hufanya hivyo.

Jumatatu nilikwenda soko la Bogyoke Aung San, lililojengwa mwaka 1926 na Waingereza, nikiwa na hamu ya kuona rubi za Mogok, machimbo ya nchi ile, kwa jicho la kazi. Lilikuwa limefungwa. Hufungwa kila Jumatatu, na jambo hilo lingenichukua nusu dakika kulijua kabla ya kutoka. Nikaingia mkahawani jirani, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kilichofika chini ya magoti, nikanywa chai nzito ya maziwa ya kopo na sambusa mbili, kwa bei isiyofika kyat 1,500. Wateja humwita mhudumu kwa kubusu hewani, mlio ambao ukiutoa kwetu kumwita mtu utaitiwa wazee wa mtaa. Ilinichukua vikombe viwili kuthubutu. Kwa chakula cha mchana nilitafuta kibao chenye tarakimu 786, alama ambayo Waislamu wa huko huiweka mbele ya mikahawa yao, nikapata biriani iliyonirudisha nyumbani kwa muda wa sahani moja. Mwenye mkahawa alikuwa na bintiye mdogo aliyepakwa unga wa rangi ya samli mashavuni, duara mbili nadhifu. Ni thanaka, gamba la mti linalosagwa kwa maji juu ya jiwe, na nilipomweleza kwamba wanawake wetu husinga liwa ya msandali vivyo hivyo, alilileta jiwe lenyewe nilione. Lilikuwa na shimo dogo katikati lililochimbika kwa miaka ya kusaga.

Ni yeye aliyenielekeza kwenye kaburi la Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho wa Mughal, ukoo wa Kiislamu ulioitawala India, ambaye Waingereza walimhamishia Rangoon baada ya maasi ya India na akafia humo mwezi Novemba 1862. Kaburi lake lilifichwa, likapotea, na halikuonekana tena hadi mwaka 1991 wachimba msingi walipolifikia. Dargah yake, yaani jengo la kaburi linalozuriwa, iko mtaa wa Ziwaka, mwendo mfupi kutoka Shwedagon, na ukitaka kujua kwa nini niliacha kuwa na hasira na mji ule, ni pale. Nilishuka ngazi hadi kwenye chumba cha chini lilipo kaburi lenyewe, limefunikwa kwa hariri na maua, nikasoma Fatiha pamoja na wazee watatu nisioelewana nao lugha. Hapakuwa na kibandiko cha kifuani wala bei. Viatu niliviacha mlangoni, na mlango ulikuwa mmoja.

Jioni nilikwenda kumwona Buddha aliyelala wa Chaukhtatgyi, mwenye urefu wa takriban mita 65 chini ya paa la chuma. Watu hukimbilia kumpiga picha usoni, lakini nenda upande wa miguu: nyayo zake zimechorwa alama 108 katika viboksi, kila kimoja na kitu chake. Nilikaa mbele ya nyayo zile muda mrefu, nikizificha zangu zenye bandeji.

Jumanne nilirudi Shwedagon kwa mara ya pili, na hii ndiyo siku ambayo ningependa msomaji aianze nayo. Wakati huo lango lilifunguliwa saa kumi alfajiri. Niliswali hotelini, nikafika kabla jua halijachomoza, nimevaa longyi yangu mwenyewe niliyoinunua kyat 6,000, fundo mbele, makubadhi ndani ya mfuko mkononi. Kiingilio nililipa tena. Kwa bei hiyo unaweza kurudi siku hiyo hiyo ukiwa na kibandiko chako, kwa hiyo ukija alfajiri na kurudi magharibi umelipa mara moja. Marumaru ilikuwa baridi kama sakafu ya msikiti wakati wa kusi. Wafanyakazi na watu wa kujitolea walikuwa wamejipanga mstari mmoja mrefu, bega kwa bega, wanafagia jukwaa kwa pamoja wakisogea kwa hatua moja.

Safari hii nilimchukua mwongoza watalii mwenye leseni, mama wa makamo, tukapatana kyat 12,000 kwa saa moja kabla hajafungua mdomo. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni nilizaliwa siku gani ya juma. Kuzunguka mnara kuna vituo vinane vya siku, kwa kuwa Jumatano wameigawa mara mbili, asubuhi na alasiri, na kila kituo kina mnyama na upande wake wa dunia. Watu humwagia maji sanamu ya kituo cha siku yao. Wageni wengi hawaijui siku yao, lakini sisi wa pwani tunaitwa kwa siku, na jina langu lilitoka moja kwa moja kwenye Alhamisi. Alhamisi ni panya, upande wa magharibi. Alicheka, akaniambia panya wana akili ya biashara. Maji sikumwaga, na nilipomweleza sababu aliikubali bila kuhoji. Nilichofanya ni kuandika: Jumatatu ni chui milia, mashariki, Ijumaa ni simbilisi, kaskazini, Jumatano asubuhi ni tembo mwenye pembe, kusini. Mara moja nikaelewa kwamba jukwaa lote ni dira. Lango langu la kusini lilikuwa na tembo mwenye pembe mbele yake, na Jumapili nilikuwa nimempita chui bila kumwona. Yeyote atakayepanda pale, kwanza amtazame mnyama aliye karibu na ngazi zake.

Alinionyesha pia kengele aliyoitoa mfalme Singu katika miaka ya 1770, ambayo Waingereza walijaribu kuichukua mwaka 1825. Iliwazamia mtoni, wakashindwa kuiopoa, na Wabama wenyewe wakaiibua na kuirudisha. Aliisimulia habari hiyo kwa furaha ya mtu ambaye jambo limempata jana.

Gharama zangu za siku zile nne, ukiacha nauli ya ndege na viza, zilikuwa karibu dola 210: hoteli dola 28 kwa usiku, teksi nyingi zisizo za lazima, viingilio, chakula na dawa ya malengelenge. Ningeweza kuokoa theluthi moja kama ningetembea asubuhi na kupumzika mchana, kama wafanyavyo wenye mji. Hasara kubwa haikuwa ya fedha. Nje ya mji, kaskazini, katika barabara ya kwenda Bago, kuna makaburi ya vita ya Taukkyan, yenye makaburi zaidi ya 6,000 na nguzo zilizochongwa majina ya askari karibu 27,000 ambao hawana kaburi linalojulikana, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Nilikusudia kwenda kuwatafuta wenzake babu Jumapili alasiri. Jumapili alasiri nilikuwa nimesimama juu ya gazeti.

Nilirudi Shwedagon Jumanne hiyo hiyo jioni, kibandiko kikiwa bado kifuani. Jua lilizama kabla ya saa kumi na mbili, dhahabu ikageuka rangi ya chungwa kisha rangi ya shaba, na taa zikawashwa. Mama yule alikuwa ameniambia nimsubiri karibu na tembo. Alikuja, akanishika kiwiko, akanisogeza hadi kwenye sehemu moja ya sakafu isiyo na tofauti yoyote na nyingine, akaniambia nitazame juu kabisa, karibu mita 100 kutoka chini, kwenye ncha ya mwavuli wa dhahabu ulio kileleni mwa mnara, ambapo pameketi almasi ya karati 76.

Nimeshika vito kwa miaka 17, nami ninajua jiwe linavyofanya taa ikiligusa. Niliona nukta nyekundu. Akanivuta hatua moja nyuma, ikawa ya kijani. Hatua nyingine, ikawa ya buluu, kisha ikapotea, kisha ikarudi ya manjano. Nyuma yetu watoto walikuwa wakisubiri zamu yao ya kusimama pale, nikawapisha, nikageuka nimtafute tembo, nikashuka ngazi zake na mfuko wa makubadhi mkononi.